Mchu Peke Yake

Leo nawaomba mvue viatu na mkunje suruali mpaka magotini, maana nataka niwaingize topeni kwanza, ndipo tupande msituni.

Ijumaa iliyopita tulikodi gari, sisi wanne tunaokaa nyumba moja hapa Doha, tukashika njia ya kaskazini. Ukishaupita mji wa Al Khor unafika mahali panapoitwa Al Thakira. Njia nzima ni mchanga, kokoto na nguzo za umeme, jicho linachoka kwa weupe. Halafu ghafla unaona ukanda wa kijani umelala juu ya maji. Wenyeji huuita qurm. Ni mikoko, ndugu zangu. Mikoko katika nchi isiyo na mto hata mmoja.

Maji yalikuwa yamekupwa. Tukaingia miguu mitupu, tope likatupokea kwa ulaini ule ule ninaoujua tangu utoto. Mwenzetu mmoja, kijana wa Kakamega aliyekulia kando ya msitu mkubwa wa mvua, alitembea robo saa nzima akishikashika majani, kisha akasimama. Akaniuliza, "Mzee, mbona kila mti ninaoushika ni ule ule? Kwetu ukienda hatua kumi umepita miti kumi, na hakuna unaofanana na mwenzake."

Nilichuma jani nikampa. Juu lilikuwa la kijani kinachong'aa, chini lina weupe wa kijivu kama lililopakwa unga. Nikamwambia alilambe. Akalamba, akakunja uso. Chumvi! Punje ndogo ndogo za chumvi, mti wenyewe umezitoa mwilini kama sisi tunavyotoka jasho. Nikamwonyesha mizizi: imechomoza topeni kwa mamia, imesimama wima kama penseli, kila mmoja unavuta pumzi maji yakishaondoka. Mti huo kwa Kiswahili ni mchu. Na kweli, Al Thakira nzima ni mchu mtupu. Katika mikoko ya asili ya Qatar hakuna aina ya pili.

Nimekuwa nikilifikiria swali la yule kijana tangu siku hiyo, kwa sababu lina pande mbili. Kwa nini hapa uko mmoja? Na kwa nini kwao iko mingi hivyo? Nadhani ukilijibu la kwanza umeshafika nusu ya la pili.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga, lakini upande wa mama ni watu wa Tongoni, pale penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale kando ya ghuba ya Mtang'ata. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, na msimu wa samaki ukiwa mbaya alikata miti ya pwani. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinichukua maji yakikupwa, tunatembea kutoka baharini kurudi bara. Safari ile ilikuwa shule, ingawa hakuna aliyeniambia kwamba nasoma.

Mti wa kwanza, ule unaopigwa na mawimbi, ni mlilana. Maji huufikia kila siku, hata siku za maji mafu. Mafundi wa majahazi waliutafuta kwa ajili ya mataruma, zile mbavu za chombo, kwa kuwa matawi yake yamejipinda yenyewe. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule uliowapa wenzake wote jina, umetanua mizizi yake ya upinde kama mtu anayejishikiza kwenye utelezi, na tope hapo linakufika gotini. Panda kidogo, kupanda ambako mguu hausikii kwamba unapanda, unakuta msinzi, halafu mkandaa, kwenye ardhi inayoshika unyayo na inayofikiwa na maji siku za bamvua tu, bahari inapojaa kuliko kawaida. Mkomafi, ule wenye tunda la duara kubwa kuliko ngumi mbili, huutafuti ovyo. Unautafuta penye kijito kinacholeta maji matamu. Nyuma kabisa, ardhi inapoanza kukauka na kutoa chumvi, umesimama mchu, mfupi, umejikunja. Baada ya mchu hakuna kitu. Ni uwanja mtupu mweupe, ambao watu wa pwani tangu zamani wanauita jangwa.

Sikilizeni sasa. Kutoka mlilana mpaka jangwani, ardhi haikupanda zaidi ya kimo cha mtu. Lakini ndani ya kimo hicho cha mtu kuna aina sita za miti, na kila moja ina mahali pake. Mjomba hakuwa na kitabu. Akitaka mkandaa haendi mbele, na akitaka mlilana hapotezi muda nyuma.

Kuna jambo moja lilinitatiza utotoni. Mchu tuliukuta nyuma, karibu na jangwa, lakini tuliukuta pia mbele, jirani na mlilana, tena huko mbele ni mrefu na mnene. Katikati hakuna. Ni kama mtu mwenye nyumba mbili na njia ya katikati si yake. Nilimuuliza mjomba, akasema, "Katikati kuna wenyewe." Nilidhani ananikwepa. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba watafiti waliofanya kazi ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, waliliona jambo lile lile: mchu una mikanda miwili, mmoja wa baharini na mmoja wa bara, na katikati wamekaa mkoko na mkandaa.

Katikati kuna wenyewe. Hapo ndipo penye siri, wasikilizaji. Tunasema kwa kawaida kwamba mchu unapenda chumvi. Si kweli. Mchu unaistahimili chumvi kuliko wenzake. Ukiwekwa penye tope zuri na maji ya kadiri, mkoko na mkandaa itauzidi na kuufunika kwa kivuli. Pale nyuma, penye chumvi inayokausha majani ya wengine, ndipo mchu unapopata nafasi ya kuishi. Ule uwezo wa kutoa chumvi kwenye majani si wa bure. Mti unatumia nguvu kuifanya kazi hiyo, na nguvu inayokwenda kwenye chumvi haiendi kwenye urefu. Kila mti ni hodari mahali fulani, na uhodari huo ndio unaoulipisha gharama mahali pengine.

Basi rudini nami Al Thakira. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi pale Tanga ina chumvi ya gramu 35 hivi. Katika Ghuba hii inapita 40, na kwenye vihori vilivyofungwa huzidi hapo sana. Mvua ya mwaka mzima ya Qatar kwa kawaida haifikii milimita 100, kwa hiyo hakuna maji matamu ya kuipunguza. Kiangazi maji ya kina kifupi huunguza mguu, na Januari, upepo wa shamali ukivuma usiku, maji yale yale hupoa kiasi ambacho mikoko ya Tanga haijawahi kukionja. Pwani yote ya Qatar ni kama ule ukingo wa jangwa nyuma ya Tongoni, ukauvuta mpaka ukawa nchi nzima. Miti mingine yote imeshindwa, mchu umebaki peke yake. Naupenda mti ule kwa hilo, nasema kweli. Lakini upweke wake usituhadae tukadhani ndivyo misitu inavyotakiwa kuwa.

Kabla sijaondoka pwani, nina neno kwa mlioko hapa Doha. Mkienda Souq Waqif jioni, au mkiingia katika nyumba za kale zilizohifadhiwa mtaa wa Msheireb, inueni macho mtazame dari. Mtaona miti ya mviringo imepangwa sambamba kutoka ukuta mpaka ukuta. Watu wa hapa wanaiita danshal. Sisi tunaiita boriti. Kabla ya mafuta, nyumba za Ghuba zilipauliwa kwa miti ya mikoko ya kwetu, kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yamejaa miti. Iliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina na bei yake: fito, pau, boriti, nguzo. Upana wa vyumba vya zamani hapa na upana wa vyumba vya Lamu unakaribiana, kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua chumba kiishie wapi.

Na hapa najiuliza: kwa nini watu wa Qatar wavuke bahari kutafuta miti ya dari na hali wana msitu wao wa qurm? Jibu nimeshalisema. Mchu hauna boriti. Shina lake ni fupi na limepinda. Boriti iliyonyooka inatoka kwenye mkoko, msinzi na mkandaa, ile iliyokulia katikati, kwa kusongamana, kila mmoja ukikimbilia mwanga. Nchi yenye aina moja ya ardhi ilikuwa inanunua matunda ya nchi yenye aina nyingi za ardhi. Tena miti hiyo ilikatwa mno. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi.

Sasa tupande msituni.

Waswahili wamesema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukiitazama Kakamega, au Amani juu ya kwetu Muheza, au msitu wowote wa mvua, methali hiyo inakupa tabu. Miti yote inataka vitu vile vile: mwanga, maji, na vyakula vichache vya udongoni. Ulio bora kuliko wote ungepaswa kuwafukuza wengine, hata kama ni kwa miaka elfu. Mbona haufanyi hivyo?

Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Stephen Hubbell na Robin Foster, walianza kazi ambayo kila nikiifikiria nastaajabu subira ya binadamu. Kwenye kisiwa cha Barro Colorado, ndani ya Mfereji wa Panama, walipima eneo la hekta 50, wakahesabu kila shina lenye unene wa kuanzia sentimita moja. Kila shina! Wakaandika ni la aina gani na limesimama wapi, na tangu hapo hesabu hiyo inarudiwa kila baada ya miaka michache. Walipata mashina zaidi ya laki mbili, na aina karibu 300. Baadaye maeneo kama hayo yakapimwa Asia na Afrika. Lambir, huko Sarawak katika kisiwa cha Borneo, hekta 52 zina aina zaidi ya 1,000. Hizo hekta 52 ni shamba la mkonge lisilo kubwa.

Walipochora ramani ya kila aina, ilionekana kwamba zizi lenyewe si moja. Barro Colorado kuna sehemu ya juu iliyo tambarare, kuna miteremko, kuna kinamasi. Kiangazi, udongo wa tambarare unakauka mapema, wakati wa mteremkoni bado una unyevu unaochuruzika kutoka juu. Jicho la mpita njia halioni tofauti hiyo. Lakini mche wenye majani mawili, ambao mzizi wake haujafika chini kuliko kidole, unaijua vizuri sana, kwa sababu kwake wiki tatu za ukame ni kufa au kupona. Kwa hiyo kuna aina zilizojaa mteremkoni na ni adimu juu. Lambir ni udongo unaogawa: upande mmoja mchanga usio na chakula, upande mwingine mfinyanzi wenye rutuba zaidi. Miti ya mchangani inakua polepole lakini haifi ovyo. Inatunza kidogo ilichonacho. Ile ya mfinyanzini inakua kwa haraka na kuishi kwa kubahatisha zaidi. Ulete ule wa haraka mchangani, utakufa kwa njaa. Upeleke ule wa polepole kwenye rutuba, wenzake wataufunika. Ni mchu na mkandaa tena, mbali kabisa na Tongoni.

Kwetu si lazima upime kwa mita. Panda gari kutoka Muheza mjini, mita 200 hivi juu ya bahari, uende Amani, mita 900. Chini kuna mvule na mfune. Barabara inapozunguka na kupanda juu ya mto Sigi, ubaridi unaingia dirishani, ukungu unaotoka baharini unakaa juu ya miti, na sasa unaanza kukutana na msambu, mti ambao wanawake wa Amani huokota mbegu zake zenye mafuta. Msambu huukuti Muheza mjini. Na hata kule juu, mgongo wa kilima una miti yake, bonde lina yake. Zanzibar nako, nenda Jozani: penye udongo mzito, maji yakiwa karibu na uso wa ardhi, mitondoo imesimama minene na mirefu. Toka hatua chache tu mpaka kwenye jiwe la matumbawe, unakuta vichaka vya kimo cha mtu. Mvua inayonyesha pote pale ni moja.

Hata kilichojengwa na mdudu kinatosha. Mtu wa Tabora anajua kwamba mkwaju katika miombo mara nyingi utaukuta umeota juu ya kichuguu. Mchwa wamepandisha udongo mwingine kutoka chini, wameuinua juu ya maji ya masika, na mkwaju umeona hapo ndipo nyumbani. Mlima wa mita mbili, lakini kwa mti ni nchi nyingine.

Sasa nisije nikawadanganya kwamba ardhi ndiyo inayoamua yote. Iko hadithi moja kutoka Kongo, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili cha Ituri, ambayo kila anayeongea kama ninavyoongea leo lazima aimeze.

Epulu, ndani ya Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, kuna misitu miwili inayopakana. Mmoja ni msitu wa mchanganyiko, aina juu ya aina, kama Kakamega ya yule kijana. Mwingine wanauita mbau, kwa jina la mti wenyewe. Ukiingia humo, giza linashuka, chini kumefagika, na miti mikubwa karibu yote ni mbau, mbau, mbau. Terese Hart na mumewe John waliishi na kufanya utafiti huko kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 yakapimwa maeneo ya hekta kumi kumi, mawili Edoro kwenye msitu wa mchanganyiko na mawili Lenda kwenye mbau. Mtu angetegemea kwamba udongo ni tofauti. Walipoulinganisha, udongo haukutosha kueleza. Ardhi ni ileile, misitu ni miwili.

Ni nini basi? Mbau unaangusha mbegu kubwa yenye akiba ya chakula, na mche wake unaweza kungoja kivulini miaka na miaka. Majani yake huanguka na kuoza polepole sana, yakarundikana zulia zito ambalo mbegu ndogo za miti mingine hazilipenyi. Mizizi yake imefunga ndoa na kuvu wanaouletea chakula. Kwa maneno mengine, mbau haukuikuta ardhi ya peke yake, umeitengeneza. Mkoko nao hufanya hivyo, unanasa tope kwa mizizi mpaka pwani inabadilika. Mazingira yanauchagua mti, na mti nao unayageuza mazingira, na ukiuliza kipi kilianza utakesha.

Wako wengine wanaotilia mkazo mambo mengine. Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971 walieleza kwamba wadudu na magonjwa hukaa karibu na mti mama, wakaua watoto wake walio chini yake, na hivyo nafasi ikabaki kwa wageni. Hubbell mwenyewe, yule wa hekta 50, mwaka 2001 alitoa kitabu akisema tujaribu kuichukulia miti yote kuwa sawa, tuone bahati pekee inatufikisha wapi. Inafika mbali kuliko tulivyodhani, nakiri. Lakini mimi niliyetembea Tongoni siwezi kukubali kwamba ni bahati iliyouweka mkandaa mahali unapofikiwa na bamvua tu. Naona haya yote yanafanya kazi pamoja, na ardhi isiyolingana ndiyo msingi ambao mengine yanasimama juu yake.

Nilipokuwa nikimweleza yule kijana habari za Amani kwenye gari, nikautaja mti mmoja ambao wataalamu wanauita Maesopsis, uliopelekwa Amani na wakoloni, ukapandwa, kisha ukaanza kusambaa. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaruka. "Huu si mutere? Huu ni wetu!" Ni wao kweli. Kakamega mutere ni mti mmoja kati ya mingi, unaota penye uwazi mti mkubwa unapoanguka, na misitu ya huko imeuzoea. Amani ulikuta miaka ya ukataji mkubwa wa magogo, miaka ya 1970 na 1980, msitu umetobolewa matundu ya mwanga kila mahali. Hondohondo wakala matunda yake, wakazipeleka mbegu katika kila tundu. Mti uleule, tabia ileile. Kilichotofautiana ni kwamba Amani tuliufungulia milango mingi ya namna moja.

Na hili, wasikilizaji, ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu nimelifanya mimi mwenyewe. Wengi wetu hapa tukipata akiba tunanunua shamba nyumbani, na tukinunua shamba tunapanda miti. Miaka minne iliyopita nilimtumia mdogo wangu pesa ya miche 500 ya misaji. Pale Muheza tumezungukwa na misaji ya shamba la miti la Longuza, imenyooka, kila mtu anaitamani. Shamba letu lina mteremko na lina bonde. Nilimwambia apande lote, mistari iliyonyooka, chini na juu. Bondeni kulikuwa na mkuyu mmoja mkubwa, nao nikamwambia auache kwa ajili ya kivuli tu. Masika ya kwanza maji yalisimama bondeni. Misaji haipendi kukaa na miguu ndani ya maji. Ile ya mteremkoni imenipita kimo. Ya bondeni ilikuwa njano mwezi wa sita, na kabla ya vuli imekufa yote. Ule mkuyu ulikuwa umesimama pale labda kabla babu yangu hajazaliwa, unaonyesha wazi kwamba hapa pana maji, na mimi nikaona kivuli tu.

Mikoko nayo tunaipanda hivyo hivyo. Mbegu ya mkoko ni ndefu, rahisi kuiokota, rahisi kuichomeka, basi makundi yanajitokeza na fulana mpya, yanachomeka mkoko mahali popote penye tope, hata pale ambapo mwenyewe ni mlilana, hata uwanda wa mchanga ambao haujawahi kuwa na mti. Wanaofanya kwa makini wapo. Gazi wamejifunza kwa miongo kadhaa ni mti gani uwekwe kwenye maji gani, na mradi wa wanakijiji wa Mikoko Pamoja umesimama juu ya ujuzi huo. Lakini kuuliza "maji yanafika hapa mara ngapi kwa mwezi" hakupigwi picha, na kupanda kunapigwa.

Watu wa Qatar wenyewe walilijua jambo hili kabla ya mashine. Tazameni majina ya mitaa tunayopita na basi kila siku: Rawdat hii, Rawdat ile. Rawda ni bonde dogo jangwani, dimbwi la udongo laini ambako mvua ile chache ya mwaka hukusanyika. Tofauti ya kimo na ardhi ya jirani mara nyingine hata huioni. Lakini hapo ndipo unapoota mti wa sidra, ambao ni ndugu wa mkunazi wetu; majani ya miti hiyo miwili, wao huku na sisi kule, tunaoshea maiti. Pembeni ya rawda ni kokoto tupu. Bedui aliyetafuta kivuli na malisho aliisoma ardhi kama mjomba wangu alivyoisoma, akaipa mahali jina la kile ambacho ardhi ile ilikuwa inakiweza.

Wiki hii masika imeanza Muheza. Nilimwambia mdogo wangu safari hii asipande kitu bondeni, hata mche mmoja. Achukue vijiti na nyuzi, kila mvua kubwa ikipita ashuke, achomeke kijiti pale maji yalipofika, na ahesabu yamekaa siku ngapi. Juzi usiku akanitumia picha. Vijiti kumi na vitatu, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu, vimezunguka bonde kama watoto waliokaa kusikiliza hadithi. Kijiti cha ndani kabisa kinakaribia shina la mkuyu. Chini ya mkuyu, kwenye tope, ameniwekea duara la kalamu kwenye picha: kuna miche minne midogo iliyoota yenyewe. Anauliza ni miti gani. Nimeikuza picha mpaka ikawa nukta tupu, bado sijaitambua. Nimemwambia asiing'oe, na akishuka kesho anipigie picha ya majani kwa karibu, juu na chini.